Kwa Nini Mota Huungua Umeme Unapopungua?

Katika karakana za nyumbani, mota ya msumeno au ya jiwe la kunolea huweza kupata joto hata mkono usitulie juu yake. Aghalabu hudhaniwa kuwa umeme umezidi. Huenda ukweli ni kinyume chake: umeme unaoifikia mota ni haba.

Mota ya induksheni, itumikayo sana katika mashine za namna hiyo, hudumisha kasi yake kwa karibu sana. Mzigo usipobadilika, nguvu inayohitajika nayo haibadiliki sana. Basi volti zikipungua, mkondo hauna budi kuongezeka. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, mkondo hupanda kwa takriban asilimia 15. Lakini joto katika koili hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Kwa hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 32, yaani karibu thuluthi moja.

Upungufu huo watoka wapi? Mara nyingi watokana na waya mrefu na mwembamba wa kurefushia. Waya wa shaba wenye eneo la milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa takriban omu 0.024 kwa kila mita. Ukiwa na urefu wa mita 40, kwenda na kurudi ni mita 80, yaani karibu omu 2. Mota ikivuta ampia 8, volti 16 hupotea njiani. Wakati wa kuanza kuzunguka, mkondo unapokuwa mara kadhaa ya huo, hasara huzidi, na mota huvuma bila kushika kasi.

Uchunguzi ufuate utaratibu. Kwanza plagi ichomolewe na mota iachwe ipoe. Matundu ya hewa yasafishwe vumbi la mbao, kisha mhimili uzungushwe kwa mkono: ukiwa mzito, huenda beringi zimechakaa au mkanda umekazwa mno. Msumeno butu nao huongeza mzigo. Hatimaye fundi wa umeme apime volti kwenye soketi na kwenye mota, mashine ikiwa kazini. Zikiwa kamili penye soketi na pungufu penye mota, kosa li katika waya.

Kihami cha koili, joto linapopita kiwango chake, hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Mota iliyosukwa upya, ikirudishwa kwenye waya uleule, itaungua tena.