Kukinga na Kubeba: Pombe, Mimba na Sera ya Australia

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: sera ya taifa inayohusu watoto walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni haitoshi ikiwa inaonya tu. Haina budi pia kumbeba mtoto aliyekwisha kuzaliwa, bila kumweka mama yake kizimbani. Tumechukua mfano wa Australia.

Kwanza, tuyaeleze madhara yenyewe. Pombe anywayo mjamzito hupita katika kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, ambaye ini lake halijaweza kuiondoa. Ubongo, ambao hukua muda wote wa mimba, hudhurika kwa namna isiyofutika. Mwaka 1968 Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaipa hali hiyo jina. Wachache wa watoto hao huwa na alama usoni. Walio wengi hawana. Husahau leo walichokijua jana, hawatambui matokeo ya matendo yao, na kwa hiyo huitwa wakaidi.

Pili, tuangalie Fitzroy Crossing, mji mdogo wa eneo la Kimberley, Australia Magharibi. Mwaka 2007 wanawake Waaborijini wa huko, akiwamo June Oscar, waliomba uuzaji wa pombe ya kuchukua nyumbani uwekewe mipaka, nao wakakubaliwa. Kisha wakashirikiana na watafiti ili watoto waliozaliwa mwaka 2002 na 2003 wapimwe. Ikaonekana kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 ameathirika. Tuzingatie kwamba akina mama hao hawakufichuliwa na mtu. Wenyewe waliisema kweli kwa ajili ya watoto wao.

Tatu, ndipo tuje kwenye sera. Mwaka 2018 serikali ya Australia ilitoa mpango wa taifa wa miaka 10 wenye nguzo nne: kinga, utambuzi, msaada, na uangalizi wa makundi yaliyo hatarini zaidi. Mwaka 2020 mwongozo wa afya ulisema wazi kwamba mjamzito, na hata atarajiaye kupata mimba, asinywe pombe kabisa. Mwaka huo huo iliamuliwa kwamba vyombo vya pombe vibandikwe onyo. Wenye viwanda wakapewa miaka 3, hadi Julai 2023.

Hata hivyo, onyo la chupani ndilo sehemu nyepesi. Wanawake wengi hunywa kabla ya kujua kwamba wana mimba. Tena, mama aogopaye kushutumiwa au kunyang'anywa mtoto hatamwambia mkunga ukweli. Mtoto wake hatatambuliwa, na asiyetambuliwa hapati msaada. Kwa hiyo aibu huivunja nguzo ya pili na ya tatu kwa pamoja. Inafaa kila mjamzito aulizwe kwa upole, na mumewe aache pombe pamoja naye.

Sisi tufundishao kipaimara twamjua mtoto asahauye amri aliyoikariri jana. Hatuwezi kusema sababu yake bila uchunguzi wa tabibu. Lakini kabla ya kushika fimbo, tuulize kwanza kama mtoto huyu hataki, au hawezi.