Kununiana Nako ni Ugomvi

"Mwambie baba yako chakula kipo mezani." Baba yuko pale pale kwenye kochi, anasikia kila kitu. Mtoto anageuka na kurudia maneno yale yale. Wazazi wanaoishi hivi wiki nzima huapa kwamba kwao hakuna ugomvi, maana hakuna aliyepaza sauti. Mtoto anajua upo.

Mwanasaikolojia E. Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watoto wanavyopokea magomvi ya wakubwa. Hasira za kimya nazo ziliwafadhaisha. Kilichowatuliza ni kuona ugomvi umekwisha. Hata wakubwa walipopatana faraghani, mtoto akielezwa baadaye kwamba wamepatana, alipata nafuu. Ni jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: hugombana sebuleni, hupatana chumbani usiku, na asubuhi chai inanywewa bila neno. Mtoto anabaki na nusu ya habari, tena ile nusu mbaya. "Jana mimi na mama tulikasirikiana. Tumezungumza, yamekwisha." Hayo tu yanamtosha.

Kunyamaza kwenyewe si kosa kila mara. John Gottman, aliyechunguza wanandoa mjini Seattle, aliona kwamba moyo ukipiga zaidi ya mara 100 hivi kwa dakika, mtu hushindwa kumsikiliza mwenzake vizuri. Anashauri watu wapumzike angalau dakika 20. Lakini anayepumzika huaga: "Hasira zimenipanda, ngoja nitoke kidogo, tutaongea baada ya kula." Kisha anarudi kweli. Anayenuna haagi, na mwenzake hajui adhabu itaisha lini.

Gottman huyo huyo anaiona dharau kuwa hatari kuu kwa ndoa. Kwetu huja kwa msonyo, au kwa kauli kama "ndivyo mlivyo, ukoo mzima". Kosa la siku moja linageuzwa kuwa tabia ya mtu, na hapo pa kuombea msamaha hapaonekani tena.

Kipigo nakiweka kando kabisa. Hakisuluhishwi kwa kikao cha mshenga na wazee. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Anayepigwa asiambiwe avumilie. Asindikizwe kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na atafutiwe pa kulala salama usiku huo huo, yeye na watoto wake.