Sanje ilivyonifunga mdomo dakika ya 20

NI rahisi kumwita mchezaji mvivu ukiwa umekaa. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka, daftari pajani, soda pembeni. Kiungo akianza kutembea dakika ya 70, naandika: "Pumzi imekata." Shabiki wa jirani naye anasimama: "Kocha, mtoe huyo!"

Msimu uliopita niliandika hivyo kuhusu kiungo mmoja wa Ligi Kuu. Jina naliacha. Tulipokutana nje ya uwanja hakunifokea. Alinishika bega, akasema: "Kaka, siku moja uje tukimbie wote, halafu ndiyo uandike."

Nikacheka, nikaenda zangu.

Mwezi uliopita nimemwelewa, na wala haikuwa uwanjani. Ilikuwa kwenye njia ya msituni inayopanda kwenda maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro.

MAVETERANI SAFARINI

Timu yetu ya maveterani haina kombe hata moja kabatini, na kabati lenyewe hatuna. Tuna vitambi, magoti yaliyofungwa bandeji na kundi la WhatsApp lenye kelele kuliko jukwaa siku ya dabi. Kapteni akatangaza: wiki hii hakuna mechi, tunapanda mlima.

Alfajiri tukatoka Morogoro mjini na Coaster, tukapita Mikumi, tukakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Baada ya Kidatu, mashamba ya miwa yakatandaza kijani chini, na milima ikasimama upande wa kulia kama jukwaa lisilo na mwisho.

Udzungwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Usitegemee kuzunguka na gari humo ukipiga picha dirishani. Huko ni miguu tu. Tulijiandikisha Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi, tukapewa muongozaji, kisha tukarudi nyuma kidogo hadi Sanje, inakoanzia njia.

Kwa anayetaka vipimo vya mpira: maji ya Sanje yanaanguka kama mita 170, kwa ngazi tatu. Chukua uwanja wa mita 105, usimamishe wima. Weka nusu nyingine juu yake. Kisha ongeza umbali wa penalti. Hapo ndipo unaikaribia Sanje.

KIPINDI CHA KWANZA

Straika wetu, yule anayejisifu kuwa bado ana kasi ya ujana, alitoka mbio tangu mguu wa kwanza. Mimi beki wa kulia nikasema simwachii. Nikamfuata.

Njia si ndefu. Ukiisikia ukiwa chini unaidharau. Lakini inapanda, na mizizi imejipanga kama ngazi zilizojengwa na fundi asiye na kipimo. Ndani ya msitu upepo haupiti. Jasho linatoka na halikauki.

Dakika ya 20 sikuwa na la kusema. Mapigo ya moyo nilikuwa nayasikia masikioni. Nikashika mti, nikajifanya natazama ndege.

"Mwandishi!" winga wetu akapiga kelele kutoka nyuma. "Pumzi imekata? Andika na hiyo!"

Wote wakaangua kicheko. Muongozaji, kijana mwembamba asiyetoka hata tone la jasho, akanisogelea taratibu. "Shikamoo mzee. Twende polepole. Maporomoko hayahami."

Akanipa kipimo ambacho hata makocha wa mazoezi ya viungo hukitumia: ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mwendo wako ni sawa. Ukishindwa, punguza. Usisubiri mwili ugome. Punguza kabla.

Tukaenda hivyo. Hatua fupi, mapumziko mafupi, maji kidogo kidogo. Mbele kidogo tukamkuta straika amekaa juu ya mzizi, viatu kavua, macho yamemtoka. Kipa wetu, mzito kuliko sote, akampita akiwa anapiga stori.

Hapo ndipo yule kiungo alinijia kichwani. Kiungo wa kiwango cha juu hukata kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja. Hawezi kuzikimbia zote kwa kasi, hakuna binadamu anayeweza. Sehemu kubwa anatembea au anakimbia taratibu, ili mpira ukimpita karibu awe na mbio za mita 20 mkononi. Nilichokiita kukata pumzi, huenda alikuwa anaitunza.

Sisemi wavivu hawapo. Wapo, na shabiki aliyelipa kiingilio ana haki ya kusema. Ila kabla ya kuhukumu, tazama anachofanya baada ya kutembea. Aliyechoka anaachwa na mpira. Aliyepumzika anautokea.

KIPAJI CHA MCHANGANI

Juu mitini tukasikia kelele. Muongozaji akatuambia kuwa msitu huu una kima aina ya mangabe wa Sanje, asiyepatikana porini popote duniani nje ya milima hii. Wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote na jina wamempa.

"Kama vijana wa ndondo," kapteni akasema. "Mtaa mzima unamjua, skauti anakuja mwishoni, anasema yeye ndiye aliyemgundua."

Tulifika baada ya saa moja na nusu, dakika 90 kamili kwa saa ya refa wetu. Ubaridi wa maji uliwahi kutupata kabla ya kuyaona. Kisha miti ikafunguka. Ngurumo ni kubwa, hata utani wa winga haukusikika. Tukaingia kwenye maji na kaptula za timu, watu wazima wenye watoto shuleni, tukapiga kelele kama tumechukua ubingwa.

DAKIKA ZA LALA SALAMA

Nilidhani kushuka ni mteremko. Kumbe ndiko mechi inakopotelea. Ukishuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki huku ukivutika, na ndiyo kazi inayouumiza zaidi. Siku ya pili nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, watoto wakinicheka.

Kwa shabiki anayetaka kujaribu: vaa viatu vyenye meno na ukate kucha za miguu. Beba maji ya kutosha. Msimu wa mvua njia inateleza, sikiliza muongozaji. Mwenye presha aongee na daktari wake kwanza. Na mwendo wa kundi uwe wa yule wa mwisho.

Siku ya tatu, miguu ikiwa bado mizito, nilimpigia simu yule kiungo. Nikamweleza Sanje yote, mpaka ule mti niliojifanya natazama ndege. Nikamwomba radhi kwa lile neno.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza: "Sawa kaka, yameisha. Sasa mazoezini unakuja lini?"

Nimemwambia goti likipona.