Kabla fundi wa kiwanda hajaingiza mkono kwenye mashine, anafunga kufuli. Hii ndiyo sababu

Chukulia uko kiwanda cha maji ya chupa jijini Dar es Salaam, saa nane usiku. Mkanda unaobeba chupa umesimama ghafla, chupa zimelundikana, na msimamizi wa zamu anauliza swali moja tu: fundi yuko wapi?

Watu wengi wakisikia fundi wa matengenezo wanamfikiria mtu wa spana na ovaroli lenye grisi. Grisi ipo kweli. Ila sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafuta chanzo. Mota imeungua? Beringi imekwama? Au ni sensa tu imeingia uchafu, inaidanganya mashine kuwa kuna chupa imeziba njia? Laini nzima inaweza kulala kwa kitu ambacho kingemalizwa na kitambaa safi.

Mota nyingi za viwandani zinatumia umeme wa fezi tatu, takriban volti 400. Fezi moja ikikatika, mota inaweza kuendelea kuzunguka, lakini inanguruma na kuvuta umeme mwingi kupita kiasi kwenye fezi mbili zilizobaki. Rilei ya ulinzi isipoizima, waya za ndani zinaungua. Fundi anayefunga mota mpya bila kujiuliza ile ya kwanza iliungua kwa nini, ajiandae kuitwa tena.

Kuzima siyo kufunga

Hapa ndipo kazi hii inapokuwa ya hatari. Kitufe chekundu kinasimamisha mashine, lakini umeme unaweza kuwa bado umejaa kwenye paneli. Na mwenzako aliye upande wa pili, asiyekuona umeinama chini ya mkanda, anaweza kuiwasha akidhani umeshamaliza.

Ndiyo maana fundi makini anamwambia kwanza mwendesha mashine, anakata swichi kuu, kisha anaipiga kufuli lake mwenyewe na kutundika kadi yenye jina lake. Ufunguo unakaa mfukoni mwake, siyo kwa msimamizi. Wakiwa mafundi watatu, makufuli ni matatu, na mashine haiwaki mpaka la mwisho litolewe.

Bado hajagusa kitu. Anabonyeza kitufe cha kuwasha aone kama kweli imekufa, kisha anapima kwa testa. Na testa yenyewe anaijaribu kwanza mahali penye umeme, kwa sababu testa mbovu nayo itakuambia hakuna umeme.

Kuna nguvu nyingine ambazo swichi haizioni. Hewa iliyobanwa, ambayo viwanda vingi huiweka kwenye bar 6 hadi 8, ikibaki kwenye bomba inaweza kusukuma chuma kikakubana vidole wakati umeme umeshakatwa zamani. Hiyo lazima itolewe. Vifaa vya kudhibiti kasi ya mota navyo huhifadhi umeme ndani kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa, ndiyo sababu vina onyo la kusubiri kabla ya kufungua kifuniko.

Sasa kwa nini watu wanaruka?

Haraka. Kazi ni ya dakika mbili, kufunga kufuli na kupima kunachukua tano au zaidi, na bosi amesimama nyuma yako anaangalia saa. Binafsi naona si haki kumtupia lawama zote fundi. Kama kiwanda hakijanunua makufuli, afunge na nini?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri jukumu la kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na OSHA ndiyo inayokagua. Ukiumia kazini, fidia inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mwajiri ndiye anayechangia mfuko huo, wewe hukatwi mshahara.

Unataka kuingia?

Wengi wanaanzia VETA kwenye umeme au ufundi mitambo. Ukijua vyote viwili, hata kimoja kwa juu juu, unakuwa na faida, maana mashine ikigoma haisemi tatizo ni la upande gani.

Jiandae kwa zamu za usiku. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, saa ya ziada inalipwa mara 1.5, na kazi ya usiku inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Na siku ya usaili, omba uoneshwe karakana. Tafuta makufuli ya mafundi yanakaa wapi. Kama bado yako kwenye pakiti na yana vumbi, hujachelewa kuuliza maswali zaidi kabla ya kusaini.