Karte ya Mupepo: Hesabu Saa, Usiangalie Mustari Tu

Bandugu, kuivre yetu ya Katanga haibaki huku. Bashofere banaipeleka mpaka porti za mbali, moja yake Beira, Mozambique. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, mupepo mukali wa bahari, jina Idai, uliingia muji ule.

Kule Mozambique, onyo linakuja na rangi. Bulu: mupepo unaweza kufika katika saa 48. Manjano: katika saa 24. Nyekundu: zimebaki saa 6 tu. Basi kutoka ni wakati wa manjano, hapana kungojea nyekundu.

Kwenye karte utaona mustari na eneo linalopanuka mbele. Eneo lile linaonyesha fasi kiini cha mupepo kinaweza kupita. Halionyeshi ukubwa wa mupepo. Hata mutu mwenye iko inje yake, mvula na maji ya bahari vinaweza kumufikia.

Mama, bwana yako akipiga simu toka Beira, muulize kwanza: «Leo rangi gani?» Na kwa bakubwa ba kampuni tunasema: muzigo unaweza kungoja. Shofere akikufa, harudi.