Mbwa anayemwongoza asiyeona: anafundishwaje, na Kibosho angeweza?

Ukitaja mbwa Kibosho, wengi wanafikiria mlinzi. Mchana kafungwa bandani nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa azunguke kihambani. Mgeni akifika getini, kabla hata ya salamu anauliza: "Mbwa kafungwa?"

Sasa fikiria mbwa ambaye kazi yake ni kinyume kabisa. Habwekei wageni, hafukuzi kuku, anapanda basi na kulala chini ya kiti, na anamtoa mtu asiyeona nyumbani mpaka kazini bila kumgongesha popote. Huyo ndiye mbwa mwongozaji. Ulaya na Marekani wapo maelfu. Kwetu kazi hiyo inafanywa na fimbo nyeupe na, mara nyingi sana, bega la mtoto.

Hapo kwenye bega la mtoto ndipo penye habari. Babu asiyeona akitaka kwenda zahanati au kanisani, anahitaji wa kumshika mkono. Watu wazima wako shambani au wameshuka mjini Moshi. Anayebaki ni mjukuu, na siku hiyo shule inasubiri. Babu naye hana uhuru, kwa sababu safari yake inaanza pale tu mtu mwingine akipata nafasi.

Ilianzia vitani

Shule ya kwanza ya mbwa hawa ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho kwenye Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1927 Mmarekani Dorothy Eustis aliandika makala kuhusu mbwa hao. Kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank, akasomewa makala hiyo, akamwandikia barua akitaka mbwa wake. Mwaka 1928 alirudi nyumbani akiwa na Buddy, akavuka naye barabara ya New York yenye magari mengi huku waandishi wa habari wakitazama. Mwaka uliofuata ikaanzishwa shule ya The Seeing Eye, ambayo inafanya kazi mpaka leo. Uingereza ilipata mbwa wake wa kwanza mwaka 1931. Afrika Kusini ilianza mwaka 1953, kwa juhudi za Gladys Evans, mwanamke asiyeona aliyefika huko na mbwa wake.

Mbwa hajui njia

Hili linawashangaza wengi. Mbwa mwongozaji siyo ramani ya simu. Humwambii "nipeleke hospitali" halafu ukatulia. Anayejua njia ni mtu: anahesabu kona, anasikiliza, anatoa amri ya kushoto, kulia au mbele. Kazi ya mbwa ni kuhakikisha hapo katikati hamdondoki.

Anasimama kwenye ukingo wa barabara na kwenye ngazi. Anazunguka shimo. Anafundishwa hata kupima urefu wa bosi wake, ili tawi ambalo yeye anapita chini yake bila shida lisimpige mwenzake usoni. Mwenye mbwa anashika mpini mgumu uliofungwa kwenye mkanda wa kifuani mwa mnyama, na kupitia mpini huo anasikia kila anapopunguza mwendo au kukata kona.

Taa za barabarani nazo hazisomi. Rangi nyekundu na kijani mbwa hazitofautishi vizuri. Mtu anasikiliza magari, akiona pametulia anasema "twende".

Na hapa ndo kuna somo gumu kuliko yote: kukataa. Mtu akisema "twende" halafu kuna gari linakuja, mbwa anatakiwa agome. Mnyama aliyefundishwa utii kwa miezi mingi anafundishwa pia lini asitii. Kwa maoni yangu hiki ndicho kinachomtofautisha na mbwa mwingine yeyote mwenye adabu.

Kwa njia za Kibosho somo hilo lingekuwa na kazi kila siku. Kuna bodaboda anayezima injini kwenye mteremko ili aokoe mafuta. Anashuka kimya, mwendo mkali. Asiyeona anategemea masikio, na hapo masikio hayasaidii. Mbwa angemwona.

Miaka miwili ya kulelewa

Mara nyingi huwa ni Labrador, Golden Retriever au German Shepherd, au mchanganyiko wao. Akifikisha wiki kama 8 anapelekwa kwenye familia ya kujitolea. Hawa ndio uti wa mgongo wa kazi nzima: wanamlea zaidi ya mwaka, wanamzoesha sokoni, kwenye basi, kelele za watoto, mvua, paka wa jirani. Halafu wanamrudisha shuleni. Wengi wanalia siku hiyo, na inaeleweka.

Shuleni anakaa miezi kadhaa na mkufunzi. Wasiofaa hutolewa, nao si wachache: mwoga sana, mwenye kupenda kufukuza vitu, mwenye nyonga mbovu. Aliyefaulu anaunganishwa na mtu kulingana na mwendo, umbo na maisha yake, kisha wawili hao wanafundishwa pamoja kwa wiki kadhaa. Anafanya kazi mpaka akiwa na miaka 8 hadi 10 hivi, halafu anastaafu.

Gharama ya mbwa mmoja ni makumi ya maelfu ya dola. Mtumiaji kwa kawaida halipi, au analipa kidogo tu, kwa sababu fedha zinatoka kwa wachangiaji wa kawaida. Uingereza mwaka 1964, kipindi cha watoto cha BBC kiitwacho Blue Peter kiliwaomba watoto wakusanye karatasi za foili ziuzwe, na zikanunua mbwa waongozaji. Yaani takataka za jikoni zikageuka macho ya mtu.

Je, hapa ingewezekana?

Utaalamu wa kufundisha wanyama upo. Morogoro, shirika la APOPO likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Usa River, barabara hiihii ya Moshi–Arusha, wamefundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu bandarini na viwanja vya ndege.

Ugumu uko kwingine. Mbwa huyu anahitaji daktari wa mifugo wa uhakika, chanjo ya kichaa cha mbwa, na chakula kinachozidi makombo ya ugali. Anahitaji njia isiyo na mbwa wa mitaani watakaomvamia. Na anahitaji konda wa daladala asiyemfukuza.

Kuna pia suala la imani, kwani Waislamu wengi hujiepusha na mate ya mbwa. Uingereza walilizungumza badala ya kulikwepa: mwaka 2008 ilitolewa fatwa, na msikiti mmoja wa Leicester ukamruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake, mnyama akibaki sehemu maalumu mlangoni.

Kwa hiyo kwa sasa, nadhani shilingi ya kwanza iende kwenye fimbo nyeupe na mafunzo ya kuitumia. Hata shule nyingi za mbwa zinataka mtu awe anajua kwanza kutembea na fimbo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, unaotaka vifaa vya kutembelea na wasaidizi vipatikane kwa gharama nafuu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Wasioona wamepanda Kilimanjaro tangu mwaka 1969, wakiwemo Waafrika Mashariki. Inauma kidogo kwamba kilele kinafikika kuliko soko.

Ukisafiri nje na kumkuta mbwa mwenye mpini mgongoni, usimshike, usimwite, usimpe chakula. Yuko kazini. Ongea na mtu.

Na ukikutana na mwenye fimbo nyeupe hapa stendi ya Moshi, usimvute mkono. Mwamkie, jitaje jina, muulize kama anahitaji msaada. Akikubali, mpe kiwiko chako ashike, utembee nusu hatua mbele. Kama wewe ni wa bodaboda, ukishuka mteremko acha injini iwake.