Picha ya Bongo na Munganga wa Kuisoma

Ndugu musomaji, labda katika nyumba yako kuna mutu anayeanguka kifafa, ama anayeumwa kichwa siku nyingi, ama mukono wake mumoja umepoteza nguvu. Mulimupeleka mbali, mulilipa feza nyingi, na mulipigiwa picha ya bongo. Sasa munarudi nayo katika bahasha, nanyi munauliza: Picha hii inasema nini?

Picha haisemi peke yake. Mashini moja inaitwa skana. Inatumia miale kama ile ya radio ya kifua, lakini inazunguka kichwa pande zote. Mugonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hii huko London, mwaka wa 1971. Mashini nyingine inaitwa IRM, nayo inatumia sumaku yenye nguvu sana. Kama kuna chuma katika mwili wako, sema mbele ya kuingia.

Picha inaonyesha umbo la bongo: damu iliyomwagika, uvimbe, ama vifuko vya mududu wa tegu anayetoka kwa nguruwe. Lakini haionyeshi kazi yote ya bongo. Watu wengi wenye kifafa wana picha isiyo na alama yoyote. Mutu akisikia kwamba picha yake ni nzuri, akaacha dawa, anaweza kuanguka tena, hata katika moto. Tena, pengine alama ndogo inaonekana, nayo si sababu ya ugonjwa.

Basi, mutafute munganga wa bongo na mishipa ya fahamu. Kuomba shauri lake si kumuzarau munganga wa kwanza. Mupelekee picha zenyewe pamoja na barua yake, majina ya dawa zote, na mutu aliyeona mugonjwa akianguka. Huyu aseme: Ilianza lini? Upande gani ulitikisika kwanza? Ilidumu dakika ngapi? Munganga atapima nguvu, macho na mwendo, kisha atalinganisha picha na habari hizo. Mumuulize: Je, picha hii inabadilisha dawa?

Usiache dawa ya kifafa pasipo neno la munganga. Na kama kinywa kinapinda gafula, ama mutu anashindwa kusema, ama kutikisika kunapita dakika 5, musingoje munganga wa mbali. Mukimbilie hospitali ya karibu saa ile ile.